Resore za Kumbeba Mama Mkwe

Kabla ya mambo haya, mama mkwe wangu, ambaye sisi wa Kisangani tunamwita bokilo, alikuwa amepanda gari langu mara moja tu. Siku hiyo kichwa chake kiligonga bati la juu na kitambaa chake kikaanguka.

Nataka kusema haki. Shimo la kuingilia mjini lilikuwa kubwa. Lakini nililiona, nikadhani ni maji tu yamelala barabarani, nikapita. Kwa hiyo kosa naligawa: nusu ya barabara, nusu yangu. Mke wangu alipolisikia gawio hili alisema nusu ya barabara nimeipa nyingi mno.

Mimi sikuona kitu. Bokilo akiwa ndani ya gari, kioo cha kutazama nyuma nilikigeuza kitazame juu, kwa sababu mkwe hamtazami bokilo usoni hivihivi, na kioo ni kibaya zaidi, unamtazama naye hajui. Kusema kweli, siku hiyo nilivuka mji mzima bila kujua ni gari gani ziko nyuma yangu. Nilisikia tu: kwa! Halafu kimya. Kimya kirefu cha mtu anayefunga kitambaa upya, anakibana vizuri, anakifungua, anakibana tena.

Tulipofika hakulalamika. Alinishukuru kwa kupitia mke wangu, kama kawaida, mimi nikiwa nimesimama hatua tatu kutoka hapo. Ila wiki iliyofuata alimpigia binti yake simu. Mke wangu akaweka sauti wazi, labda kwa bahati mbaya, labda hapana.

“Ile gari ya bwana yako, mimi sipande tena. Bon, mutoto akizaliwa, atanikuta huku siku atajua kutembea.”

Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi sita, mtoto wetu wa kwanza. Mama yake anakaa mbele ya Bangboka, kupita uwanja wa ndege. Sisi tunakaa Simi-Simi, upande mwingine kabisa wa mji. Kupanda moto, yaani pikipiki, mama yule hawezi, kiuno chake hakitaki. Toleka, ile baiskeli ya kubeba watu, ni aibu kwa mwanamke wa umri wake na vitenge vyake vya ibada ya Jumapili. Msinicheke, hayo ni maneno yake mwenyewe, mke wangu ndiye aliyeniletea. Ikabaki gari langu. Na mke wangu, ambaye amevumilia mengi kwangu, hili hakulivumilia. Alikaa kitandani akalia. “Nitazaa na nani pembeni yangu? Na wewe? Wewe damu ya kuku tu unakimbia.”

Ni kweli, damu ya kuku nakimbia. Basi kazi ilikuwa wazi: ndani ya miezi mitatu gari liwe kitu ambacho mama yake anaweza kukaa ndani yake, ama mke wangu azae peke yake.

Gari lenyewe ni break, lile gari dogo lenye nyuma ndefu ya mizigo, ya zamani ya Kijapani, usukani upande wa kuume. Kazi yangu ni kubebea wafanyabiashara wa soko mizigo yao: unga, sabuni, vitunguu. Miaka miwili kabla ya hapo, kwa akili zangu mwenyewe, niliondoa resore za nyuma, zile chuma zilizojizungusha kama nyoka ambazo zinabeba gari, nikaweka resore za gari kubwa zaidi. Nilijisifu sana. Gunia nane zinaingia na gari halichuchumai. Sikufikiria kwamba gunia halina kichwa cha kugonga juu.

Nilienda kwa fundi mmoja mzee, wa zile familia za Waislamu waliokaa mjini hapa tangu wakati wa babu za babu zao. Baba yake alifua visu, yeye anafua na kufunga chuma za magari. Alisema “Bismillahi”, akakaa kwenye pembe ya nyuma ya gari langu, akabonyeza kwa matako. Gari halikushuka. Akaruka kidogo, mzee mzima. Halikushuka.

“Baba,” akaniambia, “hii haiko gari. Hii ni meza.”

Akalala chini, akaniita nami nilale. Amortiseri zangu, zile bomba mbili zinazosimama karibu na resore, zilikuwa zimevuja mafuta mpaka vumbi limeganda juu yake kama mkate.

“Sikiliza. Resore inabeba. Amortiseri inasema: basi, inatosha. Bila yeye, resore itaruka mpaka itachoka. Sasa wewe uko na resore ya kubeba nyumba, na wa kusema basi amekufa zamani. Bokilo yako ataacha kugonga kichwa namna gani?”

Niliyaandika maneno hayo palepale. Mimi nilisoma mpaka mwaka wa pili wa sekondari, na kitu nikielezwa vizuri naogopa kitanitoroka.

“Donc niweke laini?”

“Laini kiasi gani? Hapo ndiyo kazi. Resore inachaguliwa kwa mzigo. Mizigo yako ya soko ninaijua. Bokilo yako iko kilo ngapi?”

Nikabaki nimelala chini ya gari. Sikutoka haraka.

Wasomaji wa huku wanaelewa, wa mbali niwaeleze. Mtu hamuulizi bokilo kilo zake. Simpi mkono, siketi naye mkeka mmoja, siwezi kutaja hata chakula alichokula mbele ya watu. Sasa niende niseme, mama, samahani, uko kilo ngapi, ni kwa ajili ya resore? Na kumuuliza binti yake ni karibu sawa na kumuuliza yeye.

Nikafanya kile nilichodhani ni akili. Kila siku nabeba magunia, macho yangu ni mizani. Mchele unaingia mjini katika mifuko ya kilo ishirini na tano. Nikakaa jioni na daftari, nikamkumbuka bokilo anavyotoka kanisani, nikaandika: mifuko mitatu na nusu. Nikaongeza mizigo, maana mama akija kumlea mzazi haji mikono mitupu: makemba, yaani ndizi za kupika, mikungu miwili, kidumu cha mafuta ya mawese, kuku, mihogo. Hesabu ilikuwa nzuri, mpaka leo naamini ilikuwa nzuri.

Mke wangu akaiona asubuhi.

“Hii ni nini? ‘Mama, mifuko mitatu na nusu.’ Mama yangu unamupima na muchele?”

“Ni makisio tu.”

“Na ‘nusu’ ni ipi? Niambie. Ni kichwa?”

Akaichana karatasi. Vipande akavitia motoni, akasimama kuvitazama mpaka vikaisha. Mimi simlaumu. Hata mama yangu mimi, angeandikwa hivyo, ningechana.

Basi nilipofika kwa fundi siku hiyo na kuulizwa tena, moyo ulikuwa umejaa heshima. Kilo themanini na saba hazikutoka mdomoni. Nilifikiria sabini na tano, nazo zikaona haya. Nikasikia sauti yangu inasema: “Sitini.”

“Sitini?” fundi akauliza. “Mama wa watoto sita?”

“Sitini,” nikasema, na hapo nilihisi kama nimemnunulia bokilo kitenge kipya. Na kwa kuwa nilishaanza adabu, mizigo yake pia nikaipunguza. Sikutaka aonekane mtu wa kuhama na shamba zima.

Vipuri vilivyotumika vinauzwa na mama mmoja, mfanyabiashara wa kutoka Butembo. Duka lake limejaa chuma mpaka yeye mwenyewe anakaa nje. Nilipomweleza fundi amesema nini, aliinua resore mbili kwa mkono mmoja.

“Papa, chukua hizi. Laini kama mandazi. Gari yake ya kwanza ilikuwa inabeba mabibi arusi tu.”

“Umejuaje?”

“Nami nimejuaje! Angalia rangi, hazina hata aksidenti moja.”

Akaongeza amortiseri mbili laini vilevile, kwa kuwa, alisema, mume na mke wasipolingana nyumba haikai. Nikalipa. Fundi alizifunga, lakini alikunja uso. “Kwa sitini, sawa,” alisema. “Kwa sitini.”

Lazima niseme ukweli wote: gari likiwa tupu, lilikuwa raha ambayo sijawahi kuipata. Niliendesha kutoka Simi-Simi mpaka katikati ya mji nikicheka peke yangu. Mashimo ambayo nilikuwa nayajua kwa meno sasa yalikuwa yananong’ona tu. Niliwapungia watu mkono. Hata watu wa toleka ambao siku zote tunatukanana, niliwapungia.

Kesho yake nilimpakia mke wangu kwa ajili ya kupimwa hospitalini, na mfuko wa unga wa mteja nyuma, na mwingine, na mingine mitatu, kwa sababu njia ilikuwa moja. Gari likakaa chini kama kuku anayeatamia. Kwenye kona ya kwanza likalala upande wa kushoto, likafikiri, likarudi, likalala wa kuume. Barabara ikanyooka nalo bado linayumba. Kwenye kila shimo nyuma iligonga chuma kwa chuma: ka! Halafu ikapanda, ikashuka, ikapanda.

Mke wangu alishika tumbo kwa mkono mmoja na mlango kwa mwingine.

“Unanipeleka hospitali ao unanipeleka Kinshasa na baleinière ya mutoni?”

“Zinahitaji kuzoea.”

“Simamisha.”

“Tumebakiza kidogo.”

“Simamisha, nitatapika juu ya unga wa watu!”

Akashuka, akatapika kando ya barabara, akakataa kupanda tena. Tukatembea hospitali kwa miguu, mimi nikiwa nyuma hatua tatu kama yeye ndiye bokilo. Kwa haki niseme kwamba wenye mimba hutapika hata wakiwa wamekaa. Nililisema hilo njiani. Sikupaswa.

Jioni fundi alitazama mpira wa chini, ule unaozuia chuma kugongana, akaukuta umepasuka.

“Kilo ulizonipatia,” akasema polepole, “zilikuwa za nani?”

Nikamwambia. Za kweli, za adabu, karatasi iliyochomwa, yote. Alicheka mpaka akavua kofia na kujifutia macho nayo.

“Wewe uliheshimu bokilo. Vizuri. Lakini resore haina bokilo, baba! Umupunguzie mutu kilo kwa mudomo, chuma itazihesabu kwa njia.”

Mama wa Butembo hakutaka kurudisha. Kwanza alisema resore zimekwisha kuzoea kwangu. Halafu fundi akaja mwenyewe, akamweleza habari ya sitini. Yule mama akanigeukia.

“Papa, bokilo yako anajua kama unamupenda hivi?”

Akabadilisha. Safari hii fundi alichagua yeye, na njia yake ilikuwa ya vidole. Alipima kwa vidole nafasi kati ya tairi na bati la juu yake, gari tupu; akapakia mifuko mitatu na nusu ya mchele kwenye kiti cha nyuma, kweli, na mizigo yote ya mama niliyoitaja sasa bila aibu; akapima tena. “Vidole viwili vishuke, siyo vitano,” alisema. “Na siyo sifuri kama meza yako.” Resore zikawa za katikati. Amortiseri akakataa zile laini, akachukua ngumu kidogo. Nikamuuliza kama ngumu haitamuumiza mama. “Laini inakubembeleza shimo la kwanza,” akasema, “halafu inakuacha peke yako na la pili.” Mimi ningechukua laini. Mpaka leo dukani ningechukua laini, kwa sababu mkono ukibonyeza unafurahi, na mkono haupandi gari.

Tulijaribu na mchele ule ule. Gari lilishuka kwenye shimo, likapanda, likatulia. Mara moja. Nilitaka kumkumbatia fundi, lakini yeye alikuwa ametazama nyuma.

“Mama anakaa wapi?”

“Kiti cha nyuma. Kushoto kabisa, mbali na mimi.”

“Juu ya tairi. Bon. Kiti kile, hata ukiweka resore za rais, kitarusha. Tairi iko chini ya matako yake. Anatakiwa mbele.”

“Mbele ni karibu yangu. Bega kwa bega! Hatakubali. Mimi pia sitakubali.”

“Basi wewe utoke mbele.”

Sikuelewa. Ilibidi aniambie mara mbili.

Hivyo, mke wangu akiwa amebakiza wiki mbili, tulienda mbele ya Bangboka. Fundi alikuwa kwenye usukani, kwa kuwa ujanani aliendesha malori. Mimi nilikaa nyuma kushoto, mahali pa bokilo. Tulikuta mizigo imekwisha kuwekwa nje, na hapo nikajua kwamba binti alikwisha kuongea na mama. Ilikuwa mikungu mitatu, siyo miwili. Niliiandika.

Bokilo alitoka, akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa nyuma, akanikuta humo. Nikatazama magoti yangu.

“Mama, karibu mbele,” fundi akasema.

“Na huyu?”

“Huyu leo ni mizigo. Amekaa na makemba yake.”

Akafunga mlango ule. Halafu akaenda mbele, akapanda, gari likashuka vidole vyake halali, tukaondoka.

Sasa nitaandika kitu ambacho sikukijua kabla. Kiti kile cha nyuma ni kibaya. Resore mpya, amortiseri mpya, mizigo inakandamiza vizuri, na bado, kila tairi ilipokanyaga kitu, nilikijua kwa uti wa mgongo. Kuku walikuwa miguuni pangu, nao pia walikuwa na maoni. Mbele, bokilo alikaa ametulia, mkoba mapajani, akiongea na fundi kama watu waliokaa sebuleni.

“Mzee, kumbe ni gari ile ile?”

“Ile ile, mama. Tumebadilisha chuma za chini. Kazi ilikuwa nguvu, kwa sababu mukwe wako alikataa kutaja kilo zako.”

Niliomba shimo lije. Lilikuja dogo, halikutosha kumnyamazisha.

“Alisema ngapi?”

“Sitini.”

Mimi nilikuwa nimetazama nje, nyasi zinapita. Niliwaza: amejua nilimdanganyia uzito, sasa atauliza kwa nini, na fundi atamwambia habari ya mchele, na atashuka hapa hapa, na binti yake atazaa akiwa na mimi ninayekimbia damu ya kuku.

“Sitini,” bokilo akarudia. “Sitini nilikuwa wakati wa mimba ya kwanza.” Mabega yake yakaanza kutikisika, na kwa mara ya kwanza nilijua bokilo wangu anacheka bila sauti. “Mwambie yule wa nyuma, asante. Mwambie pia asidanganye chuma.”

“Mukwe, umesikia?” fundi akauliza, ingawa nilikuwa nusu mita nyuma yake.

“Mwambie mama nimesikia.”

“Amesikia, mama.”

“Mwambie ashike kuku, wananidonoa kisigino.”

Kwenye shimo kubwa la kuingilia mjini, lile lile, fundi alipunguza mwendo kabisa, kitu ambacho mimi nami ningeweza kukifanya siku ile ya kwanza bila resore yoyote. Naliandika kwa sababu ni kweli. Gari liliingia, likatoka, likatulia. Kitambaa cha mbele hakikusogea. Cha nyuma, yaani kichwa changu, kiligonga. Hakuna aliyegeuka, ila niliona mabega yale yanatikisika tena.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni tangu sijui saa ngapi. Walishikana, tumbo katikati yao. Fundi na mimi tulishusha mikungu mitatu polepole sana, tukiipa muda ambao haikuuhitaji.

Uchungu ulianza siku tisa baadaye, alfajiri. Nilitoa gari, na mama na binti wakakaa wote nyuma, kwa sababu binti alitaka kulala mapajani, na saa ile hakuna aliyekumbuka tairi iko wapi. Niliendesha taratibu. Nilikuwa nimesahau kugeuza kioo, na hakuna aliyenikemea.

Hospitalini nilikaa nje kwenye benchi na daftari, sikuandika kitu. Jua lilipokuwa limepanda, mlango ukafunguliwa, bokilo akatoka. Vitenge vyake vilikuwa vimelowa na macho yamechoka. Nikasimama, nikarudi nyuma hatua tatu, nikatazama chini kama inavyotakiwa, nikangoja atafute muuguzi wa kunifikishia maneno.

Hakutafuta mtu. Alinitazama mimi.

“Papa ya mutoto,” akasema, “ingia.”